NANI MWENYE AMRI JUU YA UMEME?

Maneno ya somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Mwalimu wa darasa asome polepole, na wanafunzi wafuate kwa macho. Maswali ya kuzungumza yako mwisho.

Somo letu la leo ni juu ya umeme. Lakini hatutasema namna umeme unavyofanywa, wala namna ya kutia taa nyumbani. Leo tunauliza swali jingine. Umeme ukiwa mikononi mwa kampuni nyingi, na nyaya zao zimeunganishwa pamoja, nani mwenye amri ya kuhakikisha kwamba hauzimiki? Nani anatunga kanuni? Nani anakagua? Na mtu akivunja kanuni, nani anamtoza faini?

Tutachukua mfano wa Amerika ya Kaskazini, yaani Marekani na Kanada. Mfano huo unafaa kwa sababu watu wa huko wamejaribu njia mbili. Kwanza walijaribu njia ya kuahidiana. Baadaye wakafuata njia ya sheria. Mambo yaliyotokea katika njia zote mbili yameandikwa katika ripoti za serikali, na sisi twaweza kuyalinganisha. Mwisho wa somo tutaona kwa nini jambo hili linatuhusu sisi wa Afrika ya Mashariki pia.

Gridi ni nini?

Kwanza tujifunze neno moja: gridi. Gridi ni vituo vya kuzalisha umeme, na njia kuu za nyaya, na vituo vya kupozea umeme, vyote vikiwa vimeunganishwa pamoja. Njia kuu ni zile nyaya nene zinazopita juu ya minara mirefu ya chuma, kutoka mkoa hata mkoa.

Mahindi yaweza kuwekwa ghalani mpaka mwaka ujao. Maji yaweza kuwekwa katika tangi. Umeme hauwekeki kwa urahisi namna hiyo. Siku hizi ziko betri kubwa, nazo zinasaidia, lakini sehemu kubwa ya umeme hutumiwa wakati ule ule unapozalishwa. Kwa hiyo kila dakika umeme unaoingia katika gridi hauna budi kulingana na umeme unaotoka.

Fikiri juu ya mtumbwi mkubwa wenye wapiga makasia ishirini. Wote wanapiga kwa pigo moja. Watatu wakiacha kupiga, pigo linapungua, na wale waliobaki wanabeba kazi yao. Mitambo ya gridi nayo inazunguka kwa pigo moja. Huko Marekani na Kanada pigo hilo ni mara 60 kwa sekunde. Kwetu Afrika ya Mashariki ni mara 50. Pigo likishuka mno, mitambo hujitoa yenyewe kazini isije ikavunjika. Mtambo mmoja ukijitoa, mzigo wake unaiangukia mingine. Nayo ikishindwa, hujitoa. Hivyo nchi nzima yaweza kuingia gizani kwa dakika chache tu.

Basi shika jambo hili, ndugu msomaji, maana ndilo mzizi wa somo lote: katika gridi, uzembe wa jirani yako ni giza nyumbani kwako. Wewe waweza kufanya kazi yako vizuri sana, na bado ukazimikiwa taa kwa kosa la mtu aliye mbali nawe maili mia tano. Ndiyo maana gridi haiwezi kuachwa kila mtu afanye apendavyo.

Njia ya kwanza: kuahidiana

Tarehe 9 Novemba mwaka 1965, yapata saa 11 na robo jioni, swichi moja ya ulinzi ilikata umeme katika kituo kiitwacho Sir Adam Beck. Kituo hicho kiko Kanada, karibu na maporomoko ya maji ya Niagara. Swichi ya ulinzi ni kidude kinachokata umeme ili waya usiungue ukizidiwa. Swichi ile ilikuwa imewekwa ikate mapema mno, kabla waya haujazidiwa kwa kweli. Njia moja ilipokatika, mzigo wake ukahamia njia nyingine, nazo zikakatika moja baada ya moja. Watu wapatao milioni 30 wakawa gizani, wengine kwa muda wa saa 13. Katika mji wa New York watu wengi walikwama ndani ya treni zinazopita chini ya ardhi.

Baada ya mambo hayo kampuni za umeme zilikubaliana kukaa pamoja. Mwaka 1968 ziliunda baraza lao. Baraza hilo lajulikana kwa herufi NERC, nasi tutaliita hivyo. Kazi yake ilikuwa kuandika kanuni za uendeshaji mwema wa gridi. Lakini kanuni hizo zilikuwa za hiari. Aliyezifuata alisifiwa. Asiyezifuata hakutozwa hata senti moja.

Usidhani kwamba njia hiyo haikufaa hata kidogo. Kwa miaka mingi ilifaa. Wakubwa wa kampuni walijuana, na kila mmoja aliona haya mbele ya wenzake. Lakini katika miaka ya 1990 biashara ya umeme ilifunguliwa kwa ushindani. Umeme ukaanza kuuzwa kwa wateja wa mbali, na njia kuu zikabeba mizigo mikubwa zaidi. Waliokuwa majirani sasa wakawa pia washindani. Mtu anayeshindana na jirani yake hupima kila shilingi, na kazi isiyoonekana machoni, kama kukata miti chini ya nyaya, yaweza kuwekwa nyuma. Watu wa NERC wenyewe waliiona hatari hiyo, wakaliomba Bunge la Marekani litunge sheria. Bunge lilikawia.

Miti ya Ohio

Tarehe 14 Agosti mwaka 2003 ilikuwa Alhamisi, siku ya joto. Watu wengi walikuwa wamewasha mashine za kupoza hewa. Katika jimbo la Ohio nyaya kuu za kampuni iitwayo FirstEnergy zilikuwa zimebeba mzigo mkubwa.

Sasa fuata vizuri jambo hili. Waya ukibeba umeme mwingi hupata moto. Chuma kikipata moto hurefuka. Waya ukirefuka hulegea na kushuka chini kati ya mnara na mnara. Hilo ni jambo la kawaida, na mafundi wanalijua. Ndiyo sababu miti iliyo chini ya waya sharti ikatwe. Siku ile miti ilikuwa imeachwa imekua mno. Kati ya saa 9 na dakika 5 na saa 9 na dakika 41 mchana, njia tatu kuu, kila moja ya volti 345,000, ziligusa miti zikakatika.

Bado wasimamizi wangaliweza kuokoa gridi, kama wangalijua. Lakini hawakujua. Kompyuta katika chumba chao ilikuwa na kengele za kuonya hatari, nazo zilikuwa zimekufa tangu saa 8 na dakika 14. Watu walikaa mbele ya vioo vyao wakadhani mambo ni salama. Hata waangalizi wa jirani hawakuwa na picha kamili ya hali ile, na simu zilizopigwa hazikufungua macho ya mtu mapema.

Saa 10 na dakika 6 njia kuu nyingine ilikatika. Baada ya hapo hakuna mwanadamu aliyeweza kuzuia. Kufika saa 10 na dakika 13 watu wapatao milioni 50 walikuwa hawana umeme, katika majimbo manane ya Marekani na katika jimbo la Ontario la Kanada. Sehemu nyingine za Marekani zilikaa siku nne bila umeme.

Serikali za Marekani na Kanada ziliunda kamati moja ya uchunguzi. Ripoti yake ya mwisho ilitoka Aprili 2004. Ilieleza kanuni kadhaa za NERC zilizovunjwa siku ile. Lakini nani alitozwa faini kwa kuzivunja? Hakuna, kwa sababu kanuni zilikuwa za hiari. Kamati ilitoa mapendekezo 46. La kwanza kabisa lilikuwa hili: kanuni za gridi ziwe za lazima, na atakayezivunja aadhibiwe.

Wazee wetu wamesema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa ulikuwa umeonekana tangu 1965. Mwaka 2003 ndipo ukuta ulipoanguka.

Njia ya pili: sheria

Tarehe 8 Agosti mwaka 2005 Rais George W. Bush alitia sahihi sheria mpya ya nishati. Ndani yake kilikuwamo kifungu kinachoweka utaratibu wa kulinda gridi. Utaratibu huo una ngazi tano. Tuzipande moja moja.

Ngazi ya juu ni Bunge. Bunge limetunga sheria yenyewe na kusema nani ana madaraka gani.

Ngazi ya pili ni tume ya serikali kuu inayosimamia mambo ya nishati. Herufi zake ni FERC. Tume hiyo ina nafasi za wajumbe watano. Rais huwateua, na Baraza la Seneti huwathibitisha. Kila nafasi ni ya miaka mitano, na wajumbe wa chama kimoja cha siasa hawaruhusiwi kuzidi watatu.

Ngazi ya tatu ni NERC, lile baraza la zamani, lakini sasa limepewa mamlaka. Mwaka 2006 FERC ililithibitisha kuwa ndilo shirika litakalotunga na kusimamia kanuni za gridi. NERC si idara ya serikali. Ina halmashauri yake, na wajumbe wa halmashauri hiyo hawaruhusiwi kuwa na maslahi ya fedha katika kampuni za umeme. Hata makadirio ya fedha zake ya kila mwaka sharti yapelekwe FERC yakakubaliwe.

Ngazi ya nne ni mashirika sita ya kanda. Nchi ni kubwa mno kwa ofisi moja, kwa hiyo kila kanda ina shirika lake. Hayo ndiyo yanayotuma wakaguzi, kufungua madaftari, na kuuliza maswali.

Ngazi ya tano ni wenye mitambo, wenye nyaya, na wale wanaoendesha gridi saa kwa saa. Hao ndio wanaotakiwa kuzitii kanuni. Miongoni mwao wako waangalizi wa maeneo makubwa, wanaotazama gridi usiku na mchana. Mwangalizi akiona hatari, aweza kuiamuru kampuni ipunguze mzigo mara moja. Amri yake hutiiwa kwanza na kujadiliwa baadaye, isipokuwa kama kuitii kungevunja sheria au kuhatarisha watu na mitambo.

Kanada wao wana serikali zao. Kila jimbo la Kanada hufuata sheria zake, lakini wamekubaliana na NERC ili kanuni zisipingane mpakani. Hilo ni la lazima, maana waya haujui mpaka wa nchi.

Kanuni hutungwaje?

Hapa kuna jambo la busara, nalo linahitaji kufikiriwa. Nani aandike kanuni? Ukiwapa maofisa wa serikali peke yao, wengine hawajui kazi ya mitambo, nao waweza kuandika kanuni isiyotekelezeka. Ukiwapa wenye kampuni peke yao, itakuwa kesi ya ngedere kumpa nyani. Wataandika kanuni nyepesi, zisizowagharimu kitu.

Wamarekani waligawa kazi. Kanuni huandikwa na wataalamu katika NERC, pamoja na mafundi wa kampuni. Kisha hutangazwa, na watu huleta maoni yao. Baadaye hupigiwa kura na makundi mbalimbali: wenye nyaya, wenye mitambo, wanunuzi wakubwa, wanunuzi wadogo, na wengineo. Hesabu ya kura hupangwa ili kundi moja lisiwameze wengine, na kanuni haipiti mpaka ipate theluthi mbili. Ikipita huenda kwa halmashauri ya NERC, kisha huenda FERC.

FERC yaweza kuikubali, na hapo inakuwa na nguvu ya sheria. Yaweza pia kuikataa na kuirudisha. Yaweza kuiamuru NERC ilete kanuni juu ya jambo fulani. Lakini haina ruhusa ya kuchukua kalamu na kuiandika upya yenyewe. Kwa hiyo mafundi hawawezi kujipitishia kanuni wapendayo bila serikali, na serikali haiwezi kuwaandikia mafundi kazi wasiyoijua.

Utaratibu huu una uzuri wake na ubaya wake. Uzuri ni kwamba kanuni hutoka kwa watu wanaoijua kazi. Ubaya ni kwamba huchukua muda. Kura zaweza kurudiwa, maoni yaweza kujibiwa tena na tena, na mwaka ukapita, hata miaka.

Fimbo

Kanuni za kwanza za lazima zilianza kutumika Juni mwaka 2007. Mojawapo ya kanuni za lazima leo ni ile ya miti. Mwenye njia kuu hana budi kuitunza nafasi kati ya waya na mti isipungue kipimo kilichowekwa, na kuikagua njia yake walau mara moja kila mwaka. Sheria ilipoanza, faini yaweza kufika dola milioni moja kwa kosa moja kwa siku moja. Tangu hapo kiasi hicho kimepandishwa kwa kufuata kupanda kwa bei za vitu.

Je, fimbo hiyo ilitumika? Ndiyo. Tarehe 26 Februari mwaka 2008 umeme ulizimika katika sehemu kubwa ya jimbo la Florida. Chanzo chake kilikuwa kazi ya ukarabati katika kituo kimoja cha kupozea umeme, ambapo ulinzi wa mitambo ulikuwa umezimwa. Mwaka uliofuata kampuni kubwa ya umeme ya jimbo hilo ilikubali kutoa dola milioni 25. Sehemu ya fedha hizo ilikuwa ya kuboresha kazi zake. Linganisha na mwaka 2003. Giza lilikuwa kubwa zaidi, lakini kwa kuvunja kanuni za NERC haikulipwa faini.

Hata hivyo usifikiri kwamba fimbo ndiyo kazi yenyewe. Kazi yenyewe ni ukaguzi, na mafundisho, na kuandika taarifa za kweli baada ya kila ajali ili wengine wajifunze. Fimbo ipo nyuma ya mlango. Mtu akijua ipo, mara nyingi haihitaji kutolewa.

Baridi ya Texas

Sasa nitawapa mfano wa pili, ili muone wazi tofauti kati ya shauri na sheria.

Jimbo la Texas lina gridi yake, ambayo karibu yote imejitenga na gridi nyingine za Marekani. Kwa sababu hiyo FERC haisimamii bei za umeme katika gridi ile kama inavyofanya kwingine. Lakini kanuni za NERC juu ya usalama wa gridi zinaihusu Texas pia.

Mwanzo wa Februari mwaka 2011 baridi kali iliingia Texas. Mabomba ya vituo vya umeme yaliganda, mitambo ikasimama, na mamilioni ya watu wakakatiwa umeme. FERC na NERC zilichunguza. Mwaka ule ule ziliandika ripoti, zikashauri vituo vifungiwe vizuri kuzuia baridi: mabomba yavikwe, vipimo vikingwe, wafanyakazi wafundishwe kabla ya majira ya baridi. Lilikuwa shauri jema. Lakini lilikuwa shauri tu. Kulitekeleza kulihitaji fedha, na hapakuwa na kanuni ya lazima iliyowashurutisha wenye vituo.

Miaka kumi ikapita. Februari mwaka 2021 baridi ilirudi, kali kuliko ile ya kwanza. Usiku wa kuamkia tarehe 15 mitambo mingi ilisimama kwa pamoja. Pigo la gridi, ambalo sharti liwe 60, likashuka chini ya 59.4, likakaa huko kwa zaidi ya dakika nne. Lingalikaa dakika tisa, mitambo mingine mingi ingalijitoa, na gridi nzima ya Texas ingalianguka. Kuiinua tena kungaliweza kuchukua majuma. Wasimamizi walifanya jambo zito: wakaamuru umeme ukatwe kwa watu wengi ili gridi ipone. Mzigo uliokatwa ulifika megawati 20,000. Zaidi ya watu milioni nne walikosa umeme, baadhi yao kwa siku nne, katika baridi kali, ndani ya nyumba ambazo hazikujengwa kwa baridi ya namna ile.

Serikali ya Texas ilihesabu watu 246 waliokufa kwa sababu ya dhoruba hiyo. Wengi wao waliuawa na baridi.

Ripoti ya uchunguzi ilitoka tena mwaka ule wa 2021, na ilikumbusha kwamba mambo mengi yalikuwa yamekwisha kushauriwa mwaka 2011. Safari hii shauri halikuachwa liwe shauri. Texas ilitunga sheria yake ya kuwalazimisha wenye vituo wajitayarishe. NERC nayo ikaleta kanuni za baridi, FERC ikazikubali, na tangu mwaka 2023 kila kituo kinachohusika sharti kiwe na mpango wa kujitayarisha na baridi, na wafanyakazi waliofundishwa. Mwaka 2024 kanuni hizo zilikazwa zaidi.

Lakini sharti tuseme na upungufu uliobaki. Vituo vingi vya Texas hutumia gesi. Mwaka 2021 visima na mabomba ya gesi nayo yaliganda, na vituo vingine vikakosa gesi ya kuchoma. NERC haina amri juu ya visima na mabomba ya gesi. Sheria ya mwaka 2005 haikumpa fimbo hiyo. Kwa hiyo mlinzi aweza kuwa hodari ndani ya ua, na hatari ikaingia kutoka upande wa nje asioruhusiwa kufika.

Yatuhusu nini sisi?

Labda mtu katika darasa anauliza: Ohio na Texas ziko mbali; sisi tuna haja gani nazo?

Jibu ni kwamba sisi nasi tunaunganisha nyaya. Kenya na Uganda zimeunganishwa tangu zamani, katika miaka ya 1950. Desemba mwaka 2024 gridi za Kenya na Tanzania ziliunganishwa kwa njia kuu ya volti 400,000 kati ya Isinya na Singida. Sasa mitambo ya nchi hizo inapiga kasia kwa pigo moja. Mtambo ukisimama ghafula upande mmoja, upande wa pili unausikia kabla mtu hajashika simu.

Faida yake ni kubwa. Mvua ikikosekana huku, umeme waweza kutoka kule. Lakini kumbuka mzizi wa somo letu: uzembe wa jirani ni giza nyumbani kwako.

Kila nchi ina msimamizi wake. Tanzania ina EWURA. Kenya ina EPRA. Uganda ina ERA. Hao ni wasimamizi wa ndani ya nchi. Kwa mambo ya pamoja uko Umoja wa Umeme wa Afrika ya Mashariki, ulioundwa mwaka 2005, wenye makao yake Addis Ababa. Wasimamizi wa nchi wanachama wana bodi yao ya pamoja ndani ya umoja huo, na ziko kanuni za kuunganisha gridi.

Basi sisi wananchi, tusomapo habari za gridi katika gazeti, tuulize maswali manne. La kwanza: kanuni ipo, au ni ahadi tu? La pili: nani anakagua, naye anamtegemea nani kwa mshahara wake? La tatu: aliyevunja kanuni alifanywa nini? La nne: baada ya giza, ripoti ilitolewa kwa watu wote waisome? Nchi inayoweza kujibu maswali hayo manne inaulinda umeme wake. Nchi isiyoweza kuyajibu inategemea bahati.

Usidhani kwamba mwananchi hana nafasi. Katika Tanzania, bei ya umeme ikitaka kubadilishwa, EWURA huita mikutano ya maoni. Liko pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, ambalo kazi yake ni kuwasemea watumiaji. Mkutano ukiitwa karibu nawe, nenda. Usiulize juu ya bei tu. Uliza pia juu ya miti, swichi, na kengele.

Na liko jambo moja la karibu zaidi. Mafundi wakija kukata mti ulio chini ya njia kuu, watu wengine hukasirika, na pengine wana haki ya kutaka waelezwe au walipwe. Uliza kwa adabu, dai haki yako kwa njia ya sheria, lakini usipande tena mti mrefu mahali pale. Miti ya Ohio haikuwa na ubaya wowote. Ilikuwa inakua tu kama miti ikuavyo, na wajibu wa kuikata ulikuwa wa watu.

Haya basi, ndugu wanafunzi, hapo ndipo mwisho wa somo la leo. Mwalimu afunge redio, na darasa lianze mazungumzo. Kwaherini.

Maneno mapya

Gridi: vituo vya umeme na njia kuu zilizounganishwa pamoja.
Swichi ya ulinzi: kidude kinachokata umeme ili mitambo isiungue.
Megawati: kipimo cha nguvu ya umeme, sawa na wati milioni moja.
Hiari: jambo ambalo mtu hufanya akipenda, bila kulazimishwa.

Maswali ya kuzungumza

1. Kwa nini mtambo mmoja ukisimama, mingine nayo huwa hatarini?
2. Kabla ya mwaka 2005, kanuni za NERC zilikosa kitu gani?
3. FERC yaweza kufanya nini juu ya kanuni, na haina ruhusa ya kufanya nini? Je, waona mgawanyo huo ni mwema? Toa sababu.
4. Watu wa Texas walipewa shauri mwaka 2011. Kwa nini halikuwaokoa mwaka 2021?
5. Katika kijiji chenu au mtaa wenu, kiko kitu kinachotumiwa na watu wote, kama mfereji, kisima au barabara? Kinalindwa kwa ahadi au kwa sheria? Nani hukagua?